Siagi ya Mama Mkwe na Mkono Wangu wa Kushoto

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mkono wangu wa kushoto unaanza kuwasha mpaka leo. Si ugonjwa, ni kumbukumbu tu. Nimeikumbuka tena leo asubuhi, ulipofika hapa Keza kutoka Biharamulo, ukaniamkia, kisha ukamwaga kitandani kwangu ule mfuko wa makopo na chupa ulizopewa kwa ajili ya harusi yako. Hili la shangazi, lile la mama mkwe wako mtarajiwa, chupa ile ya rafiki wa kazini, nyingine ya dada wa saluni. Ukaniuliza, "Bibi, yapi mazuri?" Nikakwambia ningoje nimalize kupepeta maharage. Sasa nimemaliza, kaa hapa.

Mimi niliolewa Kasulo nikitokea hapa hapa. Ndoa ilifungwa kanisani, lakini kwa watu wetu wa wakati ule kufungishwa ndoa hakukutosha. Bibi harusi alikaa ndani siku kadhaa. Hapiki, halimi, haongei kwa sauti, na akicheka hufunika mdomo. Wanawake wa upande wa mume huingia asubuhi na jioni kumpaka mafuta, mpaka siku ya kumtoa nje, ndugu wa pande zote mbili wanapokuja kumtazama anavyong'aa. Mafuta yenyewe ni siagi ya ng'ombe wa nyumba ile. Ukipakwa siagi yao umekuwa wao. Ukiikataa umeikataa nyumba, na hapo hakuna atakayekusaidia kueleza vinginevyo.

Siagi ya mama mkwe wangu, sasa, haikuwa ya mchezo. Aliisuka mwenyewe kwenye kibuyu, akaiosha kwa maji baridi mpaka ikawa nyeupe, kisha akaitia majani makavu yenye harufu kali aliyokuwa akiyachuma mlimani. Ikikaa na majani yale, ukifungua chungu nyumba nzima inanukia. Wanawake walitoka hata Nyamiaga kuja kumwomba kidogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kusahau kwamba alikasirika, lakini kwenye siagi hakuwa na utani na mtu.

Basi nikiwa ndani, akaja masenge wangu, ndivyo tunavyomwita shangazi, dada wa baba. Yeye alileta chupa ya gliserini, akasema binti wa kwao hatoki nje bila mkono wa kwao. Kesho yake akaja wifi yangu Domitila, huyu huyu bibi yako Domitila wa Kasulo unayemjua. Alikuwa fundi cherehani Biharamulo, naye alileta kopo la mafuta ya mgando, yale mazito yasiyo na harufu. Kila mmoja alitaka kunipaka kwa mkono wake. Kumwambia mmoja wao ya kwako hapana ilikuwa sawa na kumfungulia mlango aende zake. Kwa hiyo walinipaka yote, moja juu ya jingine, asubuhi na jioni. Nilikuwa nateleza hata kukaa mkekani ilikuwa kazi.

Ndipo muwasho ulipoanza. Ulianzia shingoni, ukashuka mabegani, ukaenda mikononi. Ngozi ikawa nyekundu, ikatoa vipele vidogo vidogo. Na bibi harusi hajikuni mbele ya wakwe, mwanangu. Nilikuwa nawasubiri watoke, halafu najikuna kwenye mwimo wa mlango kama mbuzi. Mwishowe hata giza la chumbani halikuweza kunificha. Mama mmoja wa ukoo aliniona shingo, akaguna, akatoka nje akasema kwa sauti ya kutosha watu wote, "Ni haya mafuta ya dukani. Domitila amemharibu mtoto wa watu."

Nilimsikia Domitila akilia nyuma ya nyumba. Siku ya kunitoa nje ilikuwa imekaribia, wageni walishaalikwa, na mimi nilikuwa nimevimba shingo. Niliogopa sana, nisikufiche. Nikitoka hivi watu watasema nimeingia nyumba ile na mkosi. Nikisema nisipakwe, watasema nimeikataa siagi yao. Nikajifunga kanga mpaka shingoni.

Mama mkwe akaingia peke yake. Akafungua dirisha, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Unawashwa tangu lini?"

"Tangu siku mbili tatu hizi, mama."

"Na ulikuwa unangoja nini kusema?"

Nikamwambia ukweli kwa sauti ndogo, kwamba niliogopa kuikataa siagi yao. Alikaa kitandani, na nilidhani sasa nitagombezwa mpaka kijiji kisikie. Akanigombeza kweli, ila kwa sauti ya chini. "Nani alikwambia tunataka utuheshimu kwa kuungua? Mtoto wa mtu anawaka moto ndani ya nyumba yangu na mimi nazidi kumpaka. Unataka nionekane mtu gani?"

Akaleta maji ya uvuguvugu akaniosha mafuta yote yale, taratibu, bila kusugua. Akapiga marufuku mtu yeyote kunigusa na kitu chochote. Ngozi ilipotulia kidogo, akawaita masenge na Domitila waje na vyombo vyao. Akaniambia, "Leta mkono." Nikanyoosha huu wa kushoto. Upande wa ndani, pale ngozi ilikuwa bado nzima, akaweka tone la gliserini karibu na kiwiko, mafuta ya mgando katikati, na karibu na kiganja akaweka siagi yake mwenyewe. Domitila akashangaa. "Mama, hata ya kwako?" Akajibiwa, "Ya kwangu ina nini hata isipimwe?" Nadhani alisema hivyo kwa sababu alikuwa na hakika.

Usioshe, yasije yakachanganyika, ndivyo alivyoniamuru. Kesho yake hakukuwa na kilichoonekana. Asubuhi iliyofuata alikuja mapema, akaushika mkono wangu dirishani. Pale pa mafuta ya mgando ngozi ilikuwa laini, haina neno. Pale pa gliserini ilikuwa imekauka na kuvuta kidogo, lakini haikuwa nyekundu. Pale pa siagi palikuwa na duara jekundu lenye vipele, na nilikuwa nimejizuia usiku kucha nisipakune.

Mama mkwe aliligusa duara lile kwa ncha ya kidole. Nilitamani kuuficha mkono chini ya kanga. Akainusa siagi yake, akanusa vidole vyake, akauachia mkono wangu polepole.

"Kumbe ni mimi," akasema.

Angeweza kuishia pale pale, mwanangu. Tulikuwa wawili tu, na mimi nisingefungua mdomo. Lakini alitoka mpaka uani walipokuwa wanawake wakichambua mchele, akamshika Domitila bega, akawaambia, "Huyu hana kosa. Ni majani yangu ndiyo yamemkataa bibi harusi. Aliyesema maneno juzi ayarudishe." Nami ndani nililia, nikafurahi huku nalia, maana sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akifanya jambo lile.

Hakuishia hapo. Alisuka siagi nyingine siku ile ile, akaiosha, asitie jani hata moja. Akaniambia tena, "Leta mkono." Tukangoja, pakawa salama. Basi siku ya kunitoa nje nilipakwa siagi ya nyumba ile kama inavyotakiwa, mgongo na miguu iking'aa, na shingo imepona. Mama mmoja akanusa akauliza mbona siagi ya mwaka huu haina harufu. Mama mkwe akamjibu, "Ina ng'ombe ndani, inatosha."

Sasa turudi kwenye makopo yako. Baadaye niliuza mafuta sokoni miaka mingi, nikawa nasoma vibandiko, na nisipoelewa namuuliza muuguzi wa zahanati. Nilichokuja kuelewa ni kwamba mafuta hayafanyi kazi moja. Gliserini huita maji. Ukiipaka ngozi ikiwa bado na maji ya kuoga, huyashika maji yale yakae. Ukiipaka tupu kwenye ngozi kavu wakati wa kiangazi, upepo wa huku usipokuwa na hata chembe ya unyevu, huyatafuta maji ndani ya ngozi yako mwenyewe, ndiyo maana uso unavuta. Mafuta ya mgando hayaongezi maji hata tone. Hayo ni kifuniko cha sufuria, yanazuia yaliyomo yasitoke. Siagi, mafuta ya nazi, ya alizeti, na ile siagi ya mti wa shea wanayoisifu siku hizi, hulainisha na kujaza nyufa. Losheni nyingi ni maji yaliyochanganywa na hivyo vyote, kidogo kidogo. Ndiyo maana losheni moja inakufaa asubuhi na visigino vyako bado vinataka mafuta ya mgando jioni.

Ukishika kopo, usisome mbele. Mbele kuna picha ya parachichi na msichana anayecheka. Geuza nyuma. Kinachoandikwa kwanza ndicho kingi, na mara nyingi parachichi lenyewe utalikuta mwisho kabisa, limepita tu kusalimia. Tafuta pia neno la marashi, wengi huandika "parfum". Si sumu, watu wengi hawadhuriki, lakini ngozi ikianza kulalamika hilo ndilo la kulishuku mapema, liwe limetoka kiwandani au limetoka mlimani kama majani ya mama mkwe wangu. Lile kopo lisilo na kibandiko, linaloahidi weupe wa haraka, nimeliweka kando. Aliyekupa alikupenda, sina shaka, lakini mtu akificha alichoweka ndani huenda ni zebaki, na hilo hatulipimi mkononi wala popote. Na ngozi ikivimba au ikitoa maji, usipime chochote, nenda zahanati.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usikubali kitu kwa sababu ni cha asili, na usikikatae kwa sababu ni cha dukani. Uliza ndani kuna nini, jaribu kimoja kimoja, mahali padogo, kabla hujakipa mwili mzima. Ukiumia sema, hata kama aliyekupaka ni mama mkwe, kwa sababu anayekupenda kweli hataki uungue kimya kimya. Na ukiwa wewe ndiye uliyempaka mwenzio kikamdhuru, toka mpaka uani ukaseme.

Mama mkwe wangu aliishi mpaka akapaka maharusi wengi wa ukoo ule. Hakurudisha majani kwenye siagi mpaka aijue kwanza ngozi ya mhusika. Kila bibi harusi aliyeingia, kabla hata hajakaa vizuri mkekani, alikutana na neno moja. Wengine walidhani ni mila ya zamani sana, kumbe ilianza kwangu. Jana Domitila amenipigia simu, anasema miguu imekauka na kiangazi, amepewa mafuta mapya na mjukuu. Nikamuuliza, umeyapima? Akacheka sana, akasema ameshaweka kidogo mkononi, anangoja kesho.

Mungu akuingize katika nyumba hiyo salama, mwanangu, na akutoe nje siku yako ukiwa unang'aa na hakuna kinachokuwasha. Akupe mama mkwe anayeweza kusema kumbe ni mimi, na siku moja nawe uwe yeye. Haya, sogea karibu na dirisha. Leta mkono.