Spika Iliyotazama Barabara

Spika yangu sikuiweka dirishani kwa sababu ya mawimbi ya sauti. Niliiweka pale ili baba yangu, aliyekuwa ameapa kutoingia nyumbani kwangu, aisikie akiwa barabarani. Jambo hili nimelikana kwa miaka mingi. Nimelikana mbele ya walimu wenzangu, mbele ya shangazi zangu, na mara moja hata katika makala niliyoandika mwenyewe, yenye mchoro wa chumba na mishale mingi, ambamo nilieleza kwa ujasiri kwamba chumba cha mraba hudai spika iwekwe dirishani. Hakidai. Kama kuna msomaji aliyeniamini akaweka yake dirishani, namwomba airudishe ndani kabla ya mvua.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kuelekea mwisho wake. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikaolewa, nikamwacha mume, yote kwa haraka iliyowachosha watu wa kwetu. Kisha nikapata kazi katika shule ya wasichana iliyokuwa ndani ya shamba la chai, upande wa kwenda Kimulot. Nilipewa nyumba ya mawe yenye sebule, chumba cha kulala, na chai pande zote. Anayedhani rangi ya kijani hutuliza moyo hajaitazama msimu mzima akiwa peke yake. Jioni nilikuwa nikisahihisha madaftari kwa sauti, ili nyumba isikie mtu akisema.

Baba alikuwa Litein, mwendo wa baiskeli tu. Alikuja huku kutoka upande wa Nyeri kabla sijazaliwa, akafungua duka, baadaye kinu cha kusaga mahindi, na kanisani akafanywa mzee wa kanisa. Nilipomwacha mume alitangaza kwamba hataingia nyumba yangu wala kunywa maji yangu mpaka wazee wa pande zote mbili wakae na kulimaliza jambo. Wazee wa upande wa mume walikuwa Nyeri, na miaka ile ya hali ya hatari sisi Wakikuyu hatukuruhusiwa kusafiri bila pasi ya serikali. Kwa hiyo wazee hawakuweza kukaa, na baba hakuweza kuingia. Nilikuwa mwanamke asiye na mume kule na asiye na baba huku, nikisubiri pasi ambayo hakuna aliyekuwa akiiomba kwa bidii.

Lakini Jumapili alikuwa akipita. Aliongoza ibada ya wachuma chai kule Kimulot, na njia yake ya kurudi ilipita mbele ya nyumba yangu. Akifika kwenye kalvati, kidaraja cha mfereji ng'ambo ya dirisha langu, alishuka, akaiegemeza baiskeli, akasimama ameelekeza uso kwangu. Hakupunga mkono. Nami nilisimama nyuma ya pazia, msomi mzima na joho langu la mahafali limekunjwa sandukuni, nikimchungulia baba yangu kama mwizi wa kuku. Halafu alipanda akaenda zake.

Wakati huo mwalimu wetu wa hesabu, Mwingereza, akawa anarudi kwao, akaniachia amplifaya yake ya kukuza sauti na mashine ya kuchezea sahani za santuri. Spika hakuweza kuniachia kwa sababu alikuwa ameijenga ndani ya ukuta wa nyumba yake, juu ya mahali pa kuotea moto, na meneja wa shamba hakutaka ukuta ubomolewe. Nikawa na amplifaya inayowaka vizuri, valvu zake za kioo nyekundu kama makaa, na hakuna hata mlio mmoja. Nilikaa nayo jioni kadhaa hivyo hivyo. Ilitoa joto kidogo.

Baba alipenda nyimbo za kwaya za wanaume kuliko chakula. Dukani kwake kulikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kubadilisha sindano. Nikawaza: kama yeye hawezi kuingia katika nyumba, basi nyumba itoke imfuate mpaka kwenye kalvati. Nilijiambia kwamba akisikiliza Jumapili za kutosha, siku moja miguu itavuka barabara yenyewe. Mpango huo niliuona wa kisomi sana.

Nikaenda Kericho mjini, kwa Mhindi aliyekuwa akiuza redio. Alinitolea spika mbili, moja ya upana wa sahani ya chakula, nyingine kubwa kama sinia.

"Chumba yako kubwa namna gani, mama?"

"Ya kawaida."

"Kawaida ya mwalimu ama kawaida ya meneja?"

"Ya mwalimu."

"Basi chukua hii dogo. Hii kubwa nataka nafasi. Chumba dogo, hii itafanya bum-bum tu, wewe utakimbia."

"Nataka kubwa."

Akaitazama miwani yangu kwa huruma. "Mama, wewe nataka sikiliza ama nataka hubiri?"

Nilimwambia nimesoma jambo hili. Na kweli nilikuwa nimesoma. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameniachia pia rundo la magazeti ya mambo hayo. Nilijua kwamba nyuma ya amplifaya kuna matundu yenye namba, na spika nayo ina namba yake, na kwamba namba zisipolingana moja huichosha nyingine mpaka mmojawapo anaungua. Hilo nilikuwa nalijua hata kabla ya magazeti. Mhindi akanitafutia spika kubwa yenye namba iliyolingana na tundu, akaifunga kwa gunia, akaniambia nikikimbia nisikimbilie kwake.

Spika peke yake haiimbi. Inataka sanduku zito lisilotetemeka. Magazeti yalisema sanduku zuri huwa na kuta mbili za mbao, na katikati hujazwa mchanga mkavu ili kuta zisitikisike. Mbao nilizipata kutoka kwenye masanduku ya chai yaliyovunjika. Katika nchi ile kabati, kitanda cha mtoto na mimbari ya kanisa vyote vilitoka kwenye masanduku ya chai. Mchanga mkavu ndio uliokosekana. Kericho hunyesha kila alasiri, na mchanga wa mtoni ulikuwa maji matupu. Lakini kiwandani kulikuwa na vumbi la chai, yale masalia yanayofagiliwa sakafuni ambayo hayauziki, makavu kuliko kitu chochote mahali pale. Nikaomba magunia mawili, nikajaza kuta, nikashindilia kwa mwiko, nikapigilia misumari. Nilijiona mvumbuzi.

Jirani yangu, mwalimu wa ushonaji, Mkipsigis aliyezaliwa Litein na aliyemjua kila mtu, alipita akasimama mlangoni.

"Mwalimu, hiyo sanduku inanuka majani."

"Ni vumbi la chai. Linazuia mtetemo."

"Aya," akasema, kwa namna ya mtu anayemwacha mgonjwa apumzike.

Chai hunywa maji. Hata mtoto wa darasa la kwanza katika nchi ile anajua hivyo, na mimi nilikuwa nimekaa chuo kikuu. Ukungu wa wiki mbili uliingia kwenye misumari, vumbi likavimba, kuta za sanduku zikatoka nje kama mashavu ya mtu anayepuliza moto. Asubuhi moja nikakuta maji mekundu yanatiririka kwenye saruji. Nikamwita jirani anisaidie kulibeba nje. Alilitazama kwa muda.

"Spika yako imeiva," akasema. "Lete maziwa."

Nililifungua, nikalimwaga vumbi lote kwenye miche ya waridi, ambayo ilikufa. Kisha nikakaanga mchanga wa mtoni kwenye sufuria, sufuria moja baada ya nyingine, jirani akinishauri niongeze chumvi. Safari hii sanduku lilitulia. Ukiligonga kwa vidole lilijibu kama jiwe.

Sasa likabaki swali la kuliweka wapi. Sebule yangu ilikuwa mraba, kuta za mawe, sakafu ya saruji, juu mabati bila dari. Nilianza na kona, kwa sababu magazeti yalisema kona huongeza sauti nene. Iliongeza. Waimbaji wote wakawa mzee mmoja mnene anayeimba ndani ya pipa. Mhindi alikuwa amesema kweli, nami nilitoka nje nikasimama uani mpaka wimbo uishe. Nikaisogeza spika kutoka kwenye kona, nikatundika blanketi ukutani upande wa pili ili sauti isirudi, nikatandika mkeka sakafuni, nikaivuta hatua moja mbele ya ukuta wa ndani. Siku za kazi haikufaa kujaribu, maana umeme tuliupata kiwandani, na mashine za kusaga majani zikianza tu, valvu zilififia na kwaya ikazama. Lakini Jumamosi alasiri mashine zilipumzika, umeme ukatulia. Nikaweka sahani, nikakaa kwenye kiti, na wanaume wale wakaja wakasimama mbele yangu. Sijui kulisema kwa njia nyingine. Nilimsikia wa kushoto akivuta pumzi. Palikuwa na watu chumbani.

Jirani alikuwa amekuja kuazima uzi, akakaa nao mkononi.

"Iache hapo hapo," akasema wimbo ulipokwisha. "Usiiguse tena."

"Haiwezi kukaa hapo."

"Kwa nini?"

"Ni mambo ya mawimbi."

"Mawimbi iko Kisumu. Hapa ni chai tu." Akakunja uzi. "Mwalimu, yule mzee wa baiskeli anayesimama hapo nje Jumapili, ni nani wako?"

"Ni mpita njia."

"Aya," akasema tena. Alimjua baba yangu tangu utoto. Mahindi yao yalisagwa kwake. Alinipa nafasi ya kusema kweli, nami nikamrudishia mlango.

Alipoondoka nikaibeba spika mpaka dirishani, nikaigeuza uso nje, nikafungua dirisha pande zote mbili. Hivyo ndivyo ilivyokaa. Kila Jumapili baada ya ibada nilimsikia baba akishuka kwenye kalvati, nikaweka kwaya, nikaongeza sauti hadi mwisho wa kile amplifaya ilichoweza, nikarudi nyuma ya pazia. Mimi nilisikia mgongo wa muziki tu: mbao, mtetemo, maneno yasiyo na midomo. Siku za katikati ya wiki ningeweza kuigeuza nisikilize mwenyewe, lakini sanduku lilijaa mchanga na mgongo wangu haukuwa wa kubeba kila siku. Nilikula huku nikiutazama upande wa nyuma wa spika. Niliuzoea kama mtu anavyozoea mtu aliyenuna.

Baba alianza kusimama kwa muda mrefu zaidi. Hilo sikuliota. Mwanzoni alikuwa akipumzika tu kama mtu aliyechoka na kilima. Baadaye alikaa mpaka upande mzima wa sahani uishe, akiinamisha kichwa huku na huku, kama anayetafuta sauti ya pili ilipo. Nikaagiza sahani nyingine. Nikahesabu kila dakika yake kuwa yangu.

Kisha ikaja Jumapili ya mvua kubwa, ya mawe. Nilijua hatasimama. Alisimama. Alijifunika koti kichwani, mvua ya mawe ikimpiga mgongoni, uso umeelekea dirishani, na mimi nikaicheza kwaya ile yote huku maji yakiingia ndani, yakilowesha mkeka na blanketi na mbele ya sanduku. Juu mabati yalinguruma hata mimi mwenyewe sikusikia noti moja. Haikunipitia akilini kwamba na yeye hangeweza kusikia. Nilisema moyoni: mtu hasimami kwenye mvua ya mawe kwa ajili ya kitu asichokitaka. Jumapili ijayo atavuka.

Katikati ya wiki nikaitwa ofisini, kuna simu yangu kutoka Litein. Laini yetu ilikuwa moja kwa shule, kiwanda, zahanati na duka moja la Mogogosiek. Kila mahali palikuwa na mlio wake, lakini mlio wa mwenzako ulikuwa habari, na hakuna aliyeona haya kunyanyua. Niliposhika mkono wa simu nilisikia tayari mtu mwingine akipumua, na nyuma yake kuku. Huyo alikuwa mama wa duka la Mogogosiek. Halafu nikamsikia baba. Alikuwa hajawahi kunipigia simu. Alizungumza Kiswahili, kwa kuwa miaka ile Kikuyu kwenye simu kilileta maswali, na alizungumza kwa sauti ya kuvusha mto.

"Maitu," akasema. Ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Alikuwa ameacha tangu nirudi. "Hiyo dirisha yako ina nini?"

"Dirisha gani, Baba?"

"Eh?"

"Nauliza dirisha gani."

"Kila Jumapili iko wazi. Baridi, iko wazi. Juzi mvua ya mawe inaingia ndani, iko wazi. Mimi nasimama pale nangoja nione kama utafunga. Hufungi. Nikasema, huyu mtoto hata mtu wa kumfungia dirisha hana."

"Baba, nilikuwa nakuwekea kwaya."

"Sema kwa nguvu. Kinu imemaliza masikio yangu."

Nilirudia. Alisema eh. Nilirudia tena, na sauti yangu ikawa inakwisha. Ndipo mama wa duka, aliyezoea kuita wateja ng'ambo ya barabara, akaingia bila kubisha.

"Mzee, anasema alikuwa anakuwekea kwaya. Anataka kujua kama ulisikia."

"Kwaya gani?" baba akauliza. "Niliona tu sanduku imeziba dirisha. Nikafikiri bawaba imevunjika, ameizuia na sanduku. Mwambie Jumapili nitakuja na bawaba mpya."

"Umesikia, mwalimu? Anakuja na bawaba."

"Muulize," nikasema, "na wazee je? Si hawajakaa."

Akamuuliza. Laini ikalia tik mara mbili, nadhani zahanati na kiwanda nao wakinyanyua.

"Mimi siji kama baba," akasema. "Nakuja kama fundi. Fundi anaingia kwa kazi yake. Mwambie chai yake sitakunywa."

"Chai hatakunywa, mwalimu."

Nilikuwa nimeushika mkono wa simu kwa mikono miwili, na karani wa shule alikuwa akijifanya anatafuta kalamu. Mama wa duka alingoja kidogo, kisha akamwambia kwa niaba yangu, kwa sauti ile ile ya sokoni:

"Anasema karibu, mzee."