Siku Kaltuma Alipoifuta Pascal

Kaltuma Huka alizaliwa Korbesa kwa wafugaji wa ngamia, akasomea kupiga taipu Meru. Mwaka 1987, katika ofisi ya mradi wa chanjo ya mifugo mjini Isiolo, ni yeye peke yake aliyethubutu kugusa kompyuta. Programu iliyochapa orodha ya maboma yanayongoja chanjo ya pili ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Pascal.

Jumatatu moja fundi wa Nairobi aliweka toleo jipya la Pascal juu ya lile la zamani, akarudi zake. Jumatano programu ikagoma. Lori la chanjo lilikuwa liondoke kesho yake, na dawa iliyo kwenye barafu haingoji mtu.

Kaltuma akampigia fundi simu.

"Matoleo mawili yamechanganyika," fundi alisema. "Futa Pascal yote, usibakize hata faili moja. Kisha weka upya kwa zile diski nilizokuachia."

"Na nikifuta kitu kingine?"

"Nakili data kwanza." Laini ikakatika.

Alinakili folda ya data, akayasoma majina ya faili za kufutwa mara tatu. Siku hizo umeme ulikuwa ukipotea saa sita mchana, na sasa ilikuwa tano na nusu. Akafuta. Akaingiza diski moja baada ya nyingine, jasho likimtiririka chini ya shungi. Alipowasha programu, kosa likawa lile lile.

Alikaribia kulia. Kisha akafungua faili inayosomwa mashine inapowaka, akaona mstari mmoja bado unaielekeza kwenye folda ya zamani, ambako nakala ya Pascal ilikuwa imejificha. Akaifuta, akarekebisha mstari, akawasha tena. Printa ikaanza kukwaruza.

Kwenye orodha, eneo la Leparua halikuwemo.

Fundi alikuwa ameweka faili ya Leparua ndani ya folda ya Pascal yenyewe, kwa jina la herufi na tarakimu tu. Kaltuma alijua akinyamaza hakuna atakayegundua upesi. Alisimama mlangoni kwa Daktari Lomorukai, mkuu wa mradi.

"Daktari, nimefuta Leparua."

"Yote?"

"Yote. Maboma arobaini na moja."

Lomorukai aliweka kikombe chini. "Ungenyamaza, ningejua ng'ombe wakishakufa. Chukua daftari. Kesho unapanda lori."

Siku nne alizunguka Leparua boma kwa boma, akiuliza upya ni mifugo mingapi ilichanjwa. Mama mmoja alicheka. "Kwani mashine yenu imesahau?"

"Ni mimi nimeisahaulisha, mama."

Alipata maboma thelathini na tisa. Mawili yalikuwa yamehama, na hakuna aliyejua yameelekea wapi. Aliyaandika hivyo hivyo kwenye orodha, na kwa miezi mingi, kila gari la upande ule lilipofika mjini, Kaltuma alitoka nje kuuliza habari za maboma yale mawili.