Nguo Moja Zaidi

Shangazi yangu Phelesia Awino alikaribia kufukuzwa kanisani kwa sababu ya neno moja la Kiswahili, na neno lenyewe alilitengeneza yeye. Alisoma mpaka darasa la tatu kule Karungu, na tangu hapo akawa na tabia ya kunyoosha Kiswahili cha watu bila kuombwa. Sisi watoto wa kaka yake tulimwita Waya, kama Wajaluo wanavyomwita dada wa baba, na sisi pia alitunyoosha mpaka tukachoka.

Mwaka huo ulikuwa 1965. Waya alifanya kazi Homa Bay, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja aitwaye Ratilal. Alifagia, alifua, alichambua mchele, na kila asubuhi alipangusa vumbi sebuleni. Mumewe alikuwa Kericho kwenye mashamba ya majani chai na alirudi mara moja kwa mwaka. Walikuwa wamejaliwa mtoto mmoja tu, Onyango, naye alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma.

Alikufa kwa surua, akiwa na miaka minne. Wiki hiyo Waya mwenyewe alikuwa hoi kwa malaria. Hata hivyo Ijumaa, siku ambayo Waadventista huandaa kila kitu kabla jua halijatua, alijikokota akafua shati la Sabato la mtoto, shati la samawati lenye mfuko mmoja, akalianika juu ya ua wa ojuok, ile miti ya utomvu mweupe inayozunguka maboma yetu. Alasiri mtoto akakata roho. Homa ikampanda mama, akawa hajui aliko mpaka Jumanne. Wanaume walimzika mtoto Jumapili, wamemfunga kwenye shuka. Siku Waya alipopata nguvu za kutoka nje, shati lilikuwa bado pale uani, limekauka vizuri.

Hakuachana nalo tena. Alilikunja likawa bapa, akalifunga tumboni kwa kitambaa, na gauni likashuka juu yake. Alipika nalo, alisafiri nalo, alisali nalo. Alilifua usiku na kulivaa likiwa na unyevu. Mtu wa pekee aliyejua alikuwa mama mkwe wake, mwanamke wa Magunga asiyependa maneno mengi. Huyo alimwambia alizike lile shati kando ya kaburi, kisha mtoto atakayezaliwa apewe jina la aliyekufa, na kila mtu apate kupumzika. Waya alimwitikia kwa heshima, na hakulizika.

Kanisani alifundishwa vingine. Wafu wamelala, hawajui lolote, na siku parapanda ikilia wataamka na kukutana na wale waliobaki waaminifu. Hilo Waya alilipenda kwa moyo wote. Alikuwa wa kwanza kufika kila Sabato, na hakuwahi kukosa hata akiwa mgonjwa, maana alikuwa na miadi na mtu.

Sasa mke wa Ratilal, Jamnaben. Dini yao ilikuwa ile isiyokubali kuua hata siafu. Kila asubuhi, mzee akishafungua duka, Jamnaben alikaa chini sebuleni, akakunja miguu, akapindua kichupa cha mchanga na kunyamaza mpaka mchanga wote ushuke. Waya alidhani ni uvivu wa matajiri. Lakini siku moja mama huyo alimwona amesimama na kitambaa cha vumbi mkononi, machozi yanamdondoka bila yeye kujua.

"Felesia, kuja kaa."

"Nikae nifanye nini, mama?"

"Hapana fanya. Kaa tu. Angalia pumzi inaingia, inatoka. Mambo ikikuja, wacha ipite. Ndani fanya tupu."

Siku ya kwanza Waya alisinzia. Siku ya pili alipanga mboga za wiki nzima. Siku ya tatu alilia mpaka mchanga ukaisha, na Jamnaben hakumgusa wala hakumwambia nyamaza, jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyewahi kumfanyia. Baada ya mwezi alianza kupata pumzi nne au tano ambazo huzuni ilikaa kando yake badala ya kumkalia. Pumzi tano si nyingi. Kwa mtu ambaye hakuwa amepata hata moja kwa miaka mitatu, zilitosha kumfanya awahi kazini.

Jamnaben aligundua shati kwa sababu mtu aliyefunga kitu tumboni hawezi kukunja miguu vizuri. Aliuliza, Waya akaonyesha. Yule mama alilitazama, kisha akasema kwa upole mkubwa maneno mabaya kuliko yote.

"Wacha hii. Mutoto hapana iko hapa. Ameshazaliwa pahali ingine. Iko na mama ingine sasa."

Alidhani anamfariji. Kwao hiyo ni habari njema. Waya alikasirika, hakusema naye siku mbili, akachambua mchele kwa fujo mpaka punje zikaruka nje. Mama mwingine! Siku ya tatu alirudi kukaa, kwa sababu kukaa kwenyewe kulimfaa, hata kama mwalimu alikuwa amekosea.

Na hapo ndipo neno lilipoingia. Jamnaben alisema "ndani tupu". Waya, mnyooshaji, aliona hicho si Kiswahili kamili. Kama kuna uzuri na ubaya, basi lazima kuwe na utupu. Akalitengeneza, akaridhika nalo. Kwa Kijaluo asingepotea, maana chungu kisicho na kitu ni *nono* na mtu asiye na nguo ni *duk*, maneno mawili yasiyojuana. Kiswahili kimeyaweka yote mawili katika utupu, na darasa la tatu hawakumfundisha hilo.

Alilitoa neno lake kwenye bomba la maji, mbele ya Roseline, jirani yake Mkatoliki aliyeuza samaki sokoni. Roseline alikuwa akisifu mafundisho ya sista wao, kwamba mtu ajiondoe moyoni mwake ili Mungu apate nafasi.

"Hiyo hata mimi najua," Waya akasema. "Mama Muhindi ananifundisha. Kila asubuhi tunakaa utupu, mimi na yeye."

"Utupu?" Roseline akaweka debe chini. "Utupu kabisa?"

"Bado sijafika kabisa. Nikijaribu sana, kidogo."

Sitaki kumlaumu Roseline. Mtu akipewa habari kama hiyo, afanye nini? Kabla ya Sabato ilikuwa imefika kwa Nyanchoka, kiongozi wa mashemasi wanawake, na Jumapili asubuhi Waya akaitwa mbele ya baraza la kanisa. Alijua tu kwamba ni kuhusu nyumba ya Mhindi, na kwamba wanaweza kulifuta jina lake. Akifutwa, parapanda italia, Onyango ataamka, atatazama huku na huku, na mama yake hatakuwepo. Hakuwa na hofu nyingine duniani.

Mchungaji alikuwa Monari, Mkisii mpole aliyehamia kutoka upande wa Oyugis. Kwa kuwa baraza lilikuwa na Wajaluo na Wakisii, mambo yote yalizungumzwa kwa Kiswahili, ambacho hakikuwa cha mtu yeyote mle ndani. Monari aliangalia dari alipouliza.

"Dada Phelesia, ni kweli kwa huyo Muhindi huwa mnakaa utupu?"

"Ni kweli, Mchungaji. Kila asubuhi."

Benchi zikalia.

"Kila asubuhi?"

"Isipokuwa Sabato."

Nyanchoka akashindwa kuvumilia. "Na huyo mzee mwenye duka? Anaonanga?"

"Jumapili yeye pia anakaa na sisi. Lakini anafunga macho."

Mzee mmoja aliinamisha kichwa na kuanza kuomba kwa sauti ya chini. Waya alitazama uso mmoja mmoja, akaona wamekwisha kumfuta, na hakujua kosa ni lipi.

"Dada," Nyanchoka akasema, sauti imepanda, "ukikaa hivyo, nguo zako unawekanga wapi?"

"Nguo gani?"

"Zako! Za mwili!"

Waya alituambia kwamba maana ilimwingia polepole, kuanzia masikioni. Alitaka kucheka, akataka ardhi ifunguke imfunike, na badala ya vyote viwili akajikuta anasema ukweli.

"Ziko mwilini. Zote. Shida yangu si kutoa nguo. Shida yangu niko na nguo moja zaidi."

Akageukia ukuta, akaingiza mkono kwenye gauni, akafungua kitambaa. Alipogeuka tena aliliweka lile shati dogo mezani, mbele ya mchungaji, bado lina joto la tumbo lake. Akaeleza kukaa kulikuwa nini: pumzi, mchanga, moyo usioshikilia kitu. Kisha akaeleza lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu, si mama mkwe, si Jamnaben, si mume wake.

"Nyinyi mnaogopa utupu yangu. Mimi naogopa yake. Walimzika na shuka, na shuka inaoza. Siku hiyo ataamka bila shati, mbele ya watu wote, na yeye ni mtoto wa aibu, hata kuoga alikuwa anajificha. Sasa mkinifuta, nani atamvalisha?"

Monari alikuwa amehubiri juu ya ufufuo mara nyingi sana, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari za shati.

Nyanchoka ndiye aliyeinuka. Alikuwa fundi wa nguo, na alilishika shati kama mafundi wanavyoshika, kwanza kola, kisha mshono wa bega. Alikaa nalo mkononi. Yeye pia alikuwa amezika watoto wawili, ingawa hakuwataja.

"Alikuwa mkubwa aje?" akauliza.

Waya akaweka kiganja usawa wa nyonga yake. "Hapa."

Nyanchoka akatikisa kichwa taratibu. Ufunguo wa kabati la majoho ya ubatizo ulining'inia shingoni mwake siku zote.

"Mchungaji, hii shati iwekwe na kanisa. Ikae pamoja na majoho. Siku hiyo, kabati ndiyo tutafungua kwanza." Kisha akamgeukia Waya, na hakumwita dada tena. "Mama Onyango, utaniachia?"

Waya alisema ndiyo mara moja. Mkono wake ndio uliochelewa. Ulibaki juu ya mfuko wa lile shati muda mrefu, na baraza zima likangoja, wazee kwa vijana, na hakuna aliyemharakisha. Ninawapenda watu wale kwa sababu ya kungoja kule.

Karani aliuliza aandike nini. Monari akamwambia aandike kwamba dada yetu huwa anakaa kimya asubuhi, na kwamba hakuna ubaya.

Kesho yake Waya alikunja miguu sebuleni bila taabu. Jamnaben aliona.

"Shati iko wapi?"

"Kanisani. Ndani ya kabati."

Jamnaben akatabasamu, akatikisa kidole. "Kabati hapana kuacha, Felesia. Hiyo ni kushika na mkono ya mutu ingine."

"Ndiyo, mama," Waya akasema. "Na zile bangili nyuma ya taa?"

Alikuwa amezipangusa pale rafuni kila asubuhi kwa miaka miwili: bangili mbili za kioo, nyembamba, za mkono wa mtoto. Alizirudisha palepale zilipokuwa, na hakuwahi kuuliza. Hata sasa hakuwa amekusudia kuuliza, ulimi ulimponyoka. Jamnaben alitazama ile rafu, tabasamu likamtoka.

"Kamla," akasema baadaye. "Mutoto yangu. Miaka sita." Akajifuta macho kwa pindo la sari.

Halafu akapindua kichupa cha mchanga, wakakaa. Waya alisema siku hiyo hakuna aliyefaulu, si mwalimu wala mwanafunzi. Mchanga uliisha zamani, na hakuna aliyeuona.