Dakika Moja ya Mashine Nyekundu

Mashine ile bado ipo kwa kaka yangu, chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Haifanyi kazi yoyote. Watoto wetu wameshakuwa watu wazima, filamu wanatazama kwenye simu wakiwa wamesimama ndani ya treni, na hawakumbuki kwamba kulikuwa na wakati filamu ilikuwa na nyumba yake, na ikiwa si nyumba yako, ulibisha hodi.

Mimi hodi hiyo nilibisha kwa shingo upande. Wakati huo kaka yangu na mimi tulikuwa tukiamkiana, kwa sababu tumelelewa, lakini tulikuwa hatuzungumzi. Sababu ilikuwa mama.

Mama alifariki Unguja, alfajiri. Simu ilimfikia kaka asubuhi, nyumbani kwake karibu na Edgware Road. Mimi nilikuwa zamuni, hospitali, upande wa pili wa Landani. Hakunipigia. Zamu ilipokwisha saa tisa alasiri nilimkuta mlangoni mwa hospitali ananingoja, akaniambia wifi kapika, twende. Nikafurahi. Kwake nilikalishwa kitako mkekani, nikapakuliwa wali na kuku wa nazi, nikala vizuri, nakumbuka niliongeza. Nilipokwisha kunawa ndipo akaniambia. Kule nyumbani mama alikuwa ameshazikwa baada ya sala ya adhuhuri, na watu wameshatawanyika.

Najua desturi. Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa njiani wala akiwa na njaa. Huachwa afike, akae, ale. Nimewafanyia wengine hivyo mimi mwenyewe, na nikajiona nina busara. Kufanyiwa ni jambo jingine. Si kwamba ningeiwahi ndege, nisingeiwahi hata kidogo. Kilichonichoma ni kwamba wakati mama anakoshwa mimi nilikuwa wodini nacheka na wagonjwa, kisha nikaja nikala kuku, nikaongeza. Nilimwambia kaka amenifanya mjinga mbele ya mama yangu. Mimi hasira zangu ni za chini kwa chini, hazina kelele, lakini zina umri mrefu. Ukapita mwaka, ukapita na nusu ya mwingine.

Ndipo studio za filamu zikagombana.

Zilikuwa zimetoka diski mpya za picha safi, safi mpaka unaona vumbi kwenye viatu vya mtu anayepita nyuma kabisa. Lakini zilitoka za aina mbili. Moja iliuzwa katika kasha jekundu, ya pili katika kasha la buluu, na mashine ya nyekundu haikusoma buluu, wala ya buluu haikusoma nyekundu. Studio zikachagua pande. Hii ikatoa filamu zake kwa nyekundu tu, ile kwa buluu tu, na moja kubwa ikakaa katikati ikiuza kwa pande zote mbili, ikitazama nani ataanguka. Sisi watu wa Visiwani mambo ya pande tunayajua. Kwetu kuna nyumba zilisusiana maziko kwa ajili ya chama. Kwa hiyo sikushangaa hata kidogo.

Kaka anafanya kazi ofisini, kwenye kampuni ya mabasi, na ni mtu wa kusoma karatasi za maelekezo mpaka zile za lugha asizozijua. Alisoma miezi, akalinganisha, akachagua nyekundu. Mimi sikuchagua chochote. Nilimnunulia mwanangu mashine ya michezo, ikatokea kwamba inacheza na diski za buluu. Jambo hilo lilimkera kaka kuliko yote: yeye kafanya utafiti, mimi nimeingia vitani kwa ajili ya mchezo wa magari. Ukoo wetu una historia na mambo haya. Marehemu baba, enzi za kanda, alinunua deki ya kanda ndogo ambazo mtaa mzima hakuna aliyekuwa nazo, tukaishia kutazama harusi moja ya binamu yetu kwa miaka mitatu.

Watoto ndio waliopatana, kwa simu, kwa Kiingereza chao. Mwanangu na binti ya kaka walikuwa wa umri mmoja.

"Mum, hers is the red one," mwanangu alinieleza, kwa subira ya mtu anayemfundisha mzee. "Mine's the blue. So one Saturday we go to Mjomba's, next Saturday they come here."

"Utakwenda wewe," nikamwambia. "Mimi nitakufikisha mlangoni."

Nilimfikisha mlangoni. Wifi yangu akanivua koti kabla sijasema neno, akasema, "Ingia, wifi, baridi inaingia," na mlango ukafungwa mimi nikiwa ndani.

Kaka alikuwa amefunga mapazia mazito, na ile ilikuwa saa saba mchana. Chumba kilikuwa na kiza cha rangi ya chai. Alituamkia, akatia diski, akabonyeza rimoti, na hapo ndipo nilipoijua tabia ya mashine yake. Ilikuwa nzito kuamka. Iliwasha taa ndogo, ikanguruma, ikanyamaza, ikafikiri, kama mtu anayeamshwa kula daku. Ilichukua dakika nzima, pengine zaidi. Na dakika hiyo yote televisheni ilikuwa nyeusi, sisi sote tumekaa mbele yake, na ndani ya kioo tunaonekana: watoto chini, wifi pembeni, kaka na mimi kila mmoja kwenye ncha yake ya kochi, tukiwa na paji moja la uso, la mama. Sikuwa na pa kutazama pengine. Nilimtazama kaka humo ndani ya kioo, naye alikuwa akinitazama mimi, kisha picha ikatokea ikatufuta.

Ijumaa zangu zilikuwa za zamu ndefu, kwa hiyo Jumamosi mwili ulikuwa umeyeyuka. Sijawahi kuimaliza hata filamu moja kwenye lile kochi. Nilikuwa naingia usingizini na kutoka, na filamu za miezi ile zimebaki kichwani mwangu zote zikiwa moja: theluji inaanguka juu ya jangwa, mwanamke anashuka farasi na kuingia katika kituo cha treni, bahari inapanda ngazi za nyumba, na katikati yake harufu ya iliki kutoka jikoni. Mara nyingine mama alikuwemo. Alikuwa anapita tu, upande wa kushoto, amebeba kitu. Nilipozinduka nilikuta nimefunikwa blanketi. Sikuuliza ni nani aliyenifunika.

Basi ikawa hivyo. Jumamosi hii treni kutoka kwetu Lewisham, kisha chini ya ardhi mpaka kwao. Jumamosi ile wao wanakuja kwangu, na mashine yangu ya buluu inaamka mara moja bila ya dakika yoyote, na mimi, siwezi kuficha, niliitamani ile dakika. Studio ndizo zilizotupangia kalenda. Studio moja ilipohamia nyekundu, kaka alinitumia ujumbe wa simu, wa kwanza tangu msiba: "Wamekuja kwetu." Nikamjibu: "Hongereni." Wiki tatu mfululizo tukatazama kwake. Ujumbe wa pili ulihusu filamu. Wa tatu uliuliza kama wagonjwa wangu hawajambo. Lakini habari ya mama haikuguswa, ilikuwa imekaa kwenye kochi katikati yetu, na mimi niliilinda.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya Januari, baridi kali, anga jeupe. Nilikuwa ndani ya treni, nimepakata kontena la katlesi, mwanangu kando yangu na mchezo wake wa mkononi. Kwenye kiti cha mbele mtu ameacha gazeti. Nikalifungua tu kupoteza muda, na ndani nikakuta: ile studio kubwa iliyokaa katikati imechagua. Imekwenda buluu. Mwandishi alisema mambo ya nyekundu yamekwisha, zilizobaki zitafuata, na waliozinunua zile mashine watabaki na sanduku.

Sitajitia wema nisiokuwa nao. Nilifurahi. Nilijiona nasimama mlangoni kwake, sijavua hata koti, nikimwambia, na uso wake ukiporomoka, mtu mzima na karatasi zake zote za maelekezo. Nililikunja gazeti nikaliweka mkobani. Njia nzima chini ya ardhi niliipanga sentensi yangu.

Wifi akafungua mlango. Sebuleni mapazia yalikwishafungwa, mito imepangwa chini, na kaka amepiga magoti mbele ya mashine, anaifuta diski mpya kwa kitambaa laini cha miwani, polepole, kutoka katikati kwenda nje. Filamu hiyo aliiagiza kutoka Amerika, alikuwa akituhadithia tangu kabla ya mwaka mpya. Akageuka akaniona.

"Karibu, mdogo wangu. Leo usilale, leo utaona mambo."

Sentensi yangu ilikuwa mdomoni. Nikaimeza. Nikajisemea moyoni: mwache kwanza ale.

Nilisimama pale na kontena langu la katlesi kama niliyesahau njia. Maneno yale niliyajua. Wifi alikuwa amenihadithia, nilipogombana nao, kwamba mchana ule alimpigia mumewe akamwambia, mpigie simu dadako, na yeye akajibu, mwache kwanza ale. Nami nilikuwa nimeyatumia kumhukumu kwa zaidi ya mwaka na nusu.

Tukala. Biriani, na katlesi zangu, na pilipili ya kusaga ya wifi. Nilimwangalia kaka kila tonge, na kila lililoshuka nikahisi nafuu kidogo, kana kwamba mimi ndiye ninayeshiba. Kisha akabonyeza rimoti. Taa ndogo, mngurumo, ukimya. Katika kile kioo cheusi alikuwa ananitazama tena, na mara hii mimi ndiye niliyeinamisha macho.

Sikulala. Ni filamu pekee niliyoitazama yote, na siikumbuki hata kidogo.

Ilipokwisha, watoto wakakimbilia chumbani, wifi akaingia jikoni kuweka chai. Nikatoa gazeti.

"Kaka, kuna habari."

Hakulipokea. Alilitazama tu, likiwa limekunjwa vilevile.

"Ya studio? Naijua tangu jana, niko kazini. Kijana mmoja kanionesha kwenye kompyuta."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka mle kwanza." Akaanza kukusanya mito. "Na nilikhofu. Nikasema, ukijua mashine yangu imekufa, utakuja tena kufanya nini?"

Nikakaa kitako. Chumba kilikuwa bado na kile kiza cha rangi ya chai, na mchana wa nje ulikuwa mstari mmoja mweupe chini ya pazia. Nikamuuliza kitu ambacho nilikuwa sijakiuliza.

"Siku ile ya mama. Ulikuwa wapi tangu asubuhi mpaka saa tisa?"

"Hospitali kwenu."

"Hospitali?"

"Nilipopata simu nilikuja moja kwa moja. Nilikuja kukuambia, wallahi. Nikapanda mpaka wodini kwako, nikasimama nje, pale kwenye kile kioo cha mlango. Ulikuwa na bibi mmoja mzungu, unamchana nywele. Sijui kakwambia nini, ukacheka, tena ulicheka kwelikweli, kile kicheko chako cha utotoni." Alikuwa bado ameukumbatia mto. "Nikasema, mwache acheke kidogo. Nikarudi chini, nikakaa kwenye viti vya kungojea mpaka ukatoka. Sikuweza, mdogo wangu. Sikuweza."

Kumbe kile kicheko nilichokionea haya zaidi ya mwaka na nusu kilikuwa na shahidi. Kilikuwa na mtu aliyekilinda, amekaa saa chungu nzima kwenye kiti cha plastiki, peke yake na msiba wetu sote wawili.

"Ulikosea," nikamwambia, kwa sababu alikosea, na mpaka leo nasema hivyo.

"Najua."

Machozi yalikuwa yananishuka na sikuyafuta. Wifi akaingia na sinia la chai, akatutazama, akaliweka chini taratibu, akarudi jikoni.

"Weka nyingine," nikasema.

"Zimekwisha zote hizi, tumeshaziona."

"Mimi sijaona hata moja. Weka yoyote."

Akatia diski, akaja akakaa, si kwenye ncha yake, akakaa katikati. Mashine ikawasha taa yake ndogo, ikaanza kufikiri. Ndani ya kioo cheusi tulikuwepo wawili tu, na paji moja la uso. Nilimsamehe katika dakika ile, kabla picha haijatokea, nikiwa nimeshiba.