Ndugu Wawili na Vitufe Vyao

Nimefanya kazi nyumba nyingi, lakini sijawahi kuona watu wazima wakinuniana kwa sababu ya vitufe. Bosi wangu wa Jeddah, pale Al-Rawdah, alikuwa injinia mstaafu, na chumba kizima alikijaza kompyuta kuukuu za mainjinia, zile kubwa za miaka ya themanini na tisini. Kuzifuta vumbi ilikuwa kazi yangu. Ndugu yake aliyekaa Malaz, Riyadh, alikuwa na zake, na kila akija alibeba moja kwenye buti ya gari kama jogoo wa kushindanisha.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Enzi hizo makampuni yalishindana nani atachora madirisha na vitufe vya kwenye kioo cha kompyuta vitakavyokubaliwa na wote. Bosi alishika upande wa vitufe vya mviringo, pamoja na kijipini kilichochorwa unachokibonyeza ili orodha ya amri ibaki wazi. Ndugu yake alishika upande wa vitufe vya pembe, vilivyochorwa vikaonekana vimeinuka. Pande zote mbili zilishakufa. Wao bado wanagombana, na kahawa napika mimi.

Mwaka mmoja subira iliniishia. Binti yangu alikuwa anaolewa nyumbani Voi, tikiti nilishakata, na ruhusa ya kutoka nchini huitoa kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, kwenye programu ya simu yake mwenyewe. Wiki tatu nilimkumbusha. "Bukra," ananijibu, yaani kesho. Kesho yake, bukra tena. Zikabaki siku nne nisafiri.

Ijumaa ile ndugu akaja na mzigo wake. Baada ya chakula wakaniita niwe hakimu: nikae kwenye kila kompyuta, nifungue barua, niifunge, niseme ipi rahisi. Eti kwa kuwa sijui kompyuta, sina upendeleo. Nilikasirika.

"Baba, mimi sihukumu kitu. Bonyeza ruhusa yangu kwanza. Halas, basi."

Bosi akatoa simu. Akagusa hapa, akarudi, akagusa pale. Ndugu yake akasogea kumwelekeza, wakapotea wote wawili. Masikio ya mzee yakawa mekundu, na ndipo nikaelewa. Wiki tatu zile hakuwa amenikatalia. Hakujua pa kubonyeza, na aliona haya kumuuliza mfanyakazi wake.

"Lete, baba, nikuonyeshe."

Mwenzangu wa nyumba ya jirani alishanielekeza, maana madam wake humwachia simu ajifanyie mwenyewe. Nikamwonyesha bosi, akabonyeza. Dakika mbili. Wiki tatu nimelia jikoni kwa jambo la dakika mbili! Nilifurahi, ndiyo, lakini pia nilitamani kuitupa ile simu ukutani.

Sikuitupa. Nilimrudishia kwa mikono miwili, nikakaa mbele ya kompyuta ya ndugu yake, na kabla sijagusa chochote nikatangaza kwamba hii ndiyo rahisi.