Tuta la Saba

Haya ninayowasimulia hamtayaamini, na wala sitawalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwepo na bado nasitasita.

Dada yangu mdogo watu wanamwita Kipimo. Chumvi anaipima kwa kifuniko cha chupa. Mumewe akinyoa ndevu, lazima akaguliwe mashavu yote mawili. Ana shamba la parachichi mlimani, kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukidondosha jembe unalifuata kwa jirani. Kila mvua zikija, udongo wake ulikuwa unahamia kwa jirani huyo bila hata kuaga, miti ikabaki na mizizi nje kama vidole vya mtu aliyevua viatu.

Ndipo serikali ikaleta mpango: chimba matuta saba ya kukinga maji, kila moja na mfereji wake, yakate mteremko sawasawa, bwana shamba ayapitishe, upewe miche sitini na tangi. Yakikataliwa, subiri mwakani. Na ile miti haikuwa na uwezo wa kusubiri mwakani.

Kifaa cha kupimia ni fito tatu zilizofungwa kama herufi A, na jiwe linaning'inia katikati kwa kamba. Jiwe likitulia kwenye alama, hapo pako sawa. Kipimo akapima matuta sita kwa siku tisa. Nikamhurumia.

"Pumzika. La saba niachie. Jicho langu ni pimamaji."

"Kaka, tumia kifaa."

"Banda la kuku nilijenga bila kifaa."

"Ndiyo maana mayai yanabingirika."

Nikalipima kwa jicho.

Siku ya ukaguzi mvua ikanyesha asubuhi. Bwana shamba akaja na mabuti na daftari. Matuta sita yamejaa maji, yametulia kama chai kikombeni. La saba, maji yote yamekimbilia upande mmoja, yametoboa, yanashuka kwa jirani kwa vigelegele.

Nikakohoa. "Hapo ni panya, bwana shamba."

"Panya gani!" dada akadakia. "Hilo ni la kaka yangu. Amepima kwa jicho."

Bwana shamba akafunga daftari. "Mama, hayo sita siwezi kuyaita saba. Lakini nina mashamba mawili bado. Saa kumi nitapita hapa nikirudi."

Kipimo akajifunga kibwebwe. Yeye kifaa, mimi jembe. Kila nikichimba hatua tatu, ananirudisha mbili. Koo likakauka, nikaomba maji ya kunywa.

"Yako kwa jirani. Kayafuate."

Saa kumi kasorobo mvua ikamwagika tena. Bwana shamba akatukuta tumesimama ukingoni, hatupumui. Maji yakaingia kwenye tuta, yakapanda polepole, yakatulia mwanzo hadi mwisho. Dada alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Daftari likafunguliwa, bwana shamba akatia saini.

Wiki iliyofuata lori likashusha miche barabarani. Njia ya shambani ni utelezi mtupu, wabebaji wameitazama wakakumbuka wana shughuli nyumbani. Nikasema, nipisheni. Nikabeba miche hamsini kwa mpigo mmoja, ishirini na mitano kila bega, nikapanda mlima bila kuhema, huku naimba, mpaka dereva wa lori akavua kofia na—

"Hamsini?" Kipimo kasimama nyuma ya kiti changu, anasoma ninachoandika. "Ulibeba mitatu. Mmoja ukaukalia."