Benchi la Lupiro

Katika siku zote nilizofanya kazi stendi, mwanangu, kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko nyingine. Bibi Yustina wa Lupiro alifika Ifakara juu ya keria ya baiskeli ya jirani yake, amevaa kitenge cha kanisani, viatu kavishika mkononi visichafuke matope. Alikuwa anauliza kila anayepita, "Mwenye mabasi yuko wapi?" Mwenye mabasi nilikuwa mimi, au ndivyo nilivyojiona siku zile.

Usicheke. Mabasi yalikuwa ya Wakala wa Mabasi ya Bonde, mali ya umma, na wakubwa wake walikaa Morogoro mjini. Mimi nilikuwa msimamizi wa kituo cha Ifakara tu, mama wa miaka hamsini na kidogo, filimbi shingoni na daftari kwapani. Utasema huo si ujana. Lakini cheo hicho nilikuwa nimepewa miezi michache tu iliyopita, na mtu aliyepewa cheo juzi ni kijana hata kama kichwa kimejaa mvi. Kwa hiyo haya ni makosa ya ujana wangu, na nakusimulia wewe uliyeanza kazi ya kuhudumia watu, kabla hujafanya ya kwako.

Ulikuwa mwaka ule wa korona. Amri ilikuja kutoka Morogoro kwamba abiria wote wakae, asisimame hata mmoja. Wenyewe vijana wa stendi wakaiita levo siti. Pia kila mtu anawe mikono kabla ya kupanda, avae barakoa, na madirisha yawe wazi njia nzima hata mvua ikinyesha. Sasa fikiria basi la asubuhi la kutoka Lupiro, lililozoea kuingia Ifakara watu wamejaa mpaka mlangoni, na kuku chini ya viti. Wengi walisema haiwezekani.

Mimi nikasema inawezekana, na nikaifanya. Niliweka pipa la maji lenye koki pale stendi na jingine Lupiro, na sabuni nikaitoboa na kuifunga kamba ili isitembee. Kila asubuhi basi likifika nilipanda ndani, nikawapiga picha abiria wangu wameketi kwa heshima, pua zimefunikwa, nikaituma Morogoro kwa simu. Meneja wa wakala akanijibu kwamba kituo changu ni cha mfano. Nilimwonyesha ujumbe huo mama muuza chai, nikamwonyesha fundi viatu, nadhani hata padri nilimwonyesha. Sifa ilinikaa vizuri mwilini, siwezi kukudanganya.

Dereva wa basi hilo alikuwa Shabani, ambaye babu yake alitoka pwani kuja kuuza nguo Ifakara na hakurudi tena. Shabani si mtu wa maneno. Siku moja aliniambia, "Mama Konso, kule Lupiro kuna watu wanabaki." Nikamjibu kwamba kubaki ni kawaida, anayechelewa hubaki. Sikumuuliza ni akina nani hao.

Basi ndipo akaja Bibi Yustina. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama kuanzia filimbi mpaka kandambili.

"Ndiye wewe mwenye mabasi?"

"Ndiye mimi, bibi. Karibu ukae."

"Nimekaa sana. Wiki tatu nimekaa kwenye benchi la Lupiro. Nafika alfajiri, nanawa mikono kwa maji yako, nakaa. Basi lako linaondoka, mimi nabaki na mikono misafi. Dawa za sukari zimeisha. Jana miguu yangu ilikuwa inawaka moto, nikasema heri nikufuate huku huku unionyeshe nilichokukosea."

Mwanangu, aliyasema yote hayo bila kupandisha sauti. Nilimshika mkono, jambo ambalo mwaka ule tulikuwa tumekatazana, nikampeleka hospitali mwenyewe. Kliniki ya sukari ilikuwa Jumanne tu, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Muuguzi alimwonea huruma, akampa vidonge vya kumfikisha Jumanne inayofuata. "Jumanne asikose, mama," aliniambia. "Lazima daktari amwone. Miguu yake siipendi."

Nilipotoka pale simu ikaita. Alikuwa meneja. Alisema amepata malalamiko kwamba Lupiro watu wanasukumana mlangoni, na wakala hauwezi kuonekana unasambaza ugonjwa. Kuanzia Jumatatu njia ya Lupiro inafungwa mpaka korona iishe. Akaniagiza nibandike tangazo.

Sikubandika. Nilipanda basi la mchana pamoja na Bibi Yustina, nikalala kwake. Alinipikia wali na kambale, akanipa mkeka mzuri kuliko wake. Asubuhi nikavua filimbi, nikaifunga kwenye kanga, nikaenda naye kukaa kwenye benchi kama abiria yeyote. Nilitaka kuona ni nani hao wanaosukumana.

Kumbe hata hawasukumani. Unajua desturi yetu ya kutupia. Basi likisimama, mwenye mbio anarusha kofia yake dirishani ikaangukia kwenye kiti, na kiti hicho ni chake hata akienda kunywa chai. Mwingine anarusha kanga, mwingine gunia tupu la mpunga. Desturi hiyo tumekua nayo, na zamani haikumuumiza mtu, kwa kuwa asiyepata kiti alisimama na safari ikaendelea. Sasa mimi nilikuwa nimekataza kusimama na nikayaacha madirisha wazi kwa amri ya wakala, hivyo wafanyabiashara wa mchele waliokuwa wanawahi mashine za kukoboa za Ifakara walivimaliza viti vyote kabla konda hajafungua mlango. Niliona hata jembe limekaa kwenye siti ya mbele, peke yake, kwa raha zake.

Kwenye benchi tulikuwa saba. Mama mjamzito, mzee wa presha, wawili wa dawa za kila mwezi ambao hawakupenda kuulizwa, binti aliyefungwa mguu, Bibi Yustina na mimi. Tulinawa, tukapanga mstari, tukafika mlangoni. Konda akasema, "Levo siti imetimia, wazee wangu, samahanini." Nikashusha barakoa ili anitambue, lakini alikwishageuka. Basi likapiga honi, likaondoka.

Basi langu mwenyewe likaniacha.

Bibi Yustina akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaniambia maneno ambayo nayabeba hadi leo: "Umeona sasa. Wewe huwa unalisubiri linapofika. Huku tunalitazama linapoondoka." Nililia kidogo, ndiyo. Niliona aibu kwa zile picha zangu nzuri, maana kila picha niliyotuma ilikuwa na watu wake waliobaki huku, na mimi nilikuwa nimeambiwa na Shabani nikajifanya sijasikia.

Nilimpigia meneja simu nikiwa pale pale kwenye benchi. Nilimweleza yote, hata kwamba basi limeniacha.

"Lakini ni wewe uliyeniandikia kila kitu kiko sawa," akasema.

"Ni mimi. Nilikuandikia nusu. Sasa nakupa nusu iliyobaki."

Nilimwomba mambo mawili: asifunge njia mpaka Jumanne, na aniachie lile basi la wanafunzi lililokuwa limelala mtaa wa Katindiuka tangu shule zifungwe. Akanikubalia yote mawili, ila akasema Jumanne atakuja Ifakara yeye mwenyewe, na akimwona mtu mmoja tu anamsukuma mwenzake mlangoni, anafunga njia siku hiyo hiyo, na mimi nirudi kukata tiketi. Nikamwambia ni haki yake.

Mchana huo huo nikawafuata wafanyabiashara wa mchele walipokuwa wamerudi. Mkubwa wao kwa sauti alikuwa Nassoro, mwenye kofia ya kwanza kurushwa kila siku. Alikuwa amejiandaa kubishana.

"Mama Konso, kofia yangu huwa inawahi. Mimi naamka mapema."

"Najua unaamka mapema. Huyu bibi anaamka kabla yako, tatizo hana mkono wa kurusha. Kofia yako ina sukari? Ina presha?"

Wenzake wakacheka. Nassoro akamtazama Bibi Yustina, aliyekuwa amekaa kwenye benchi lake kama hakimu. "Kwani bibi huwa unakwenda kliniki? Mimi nilidhani unasindikiza watu tu," akasema, na niliona amesema kweli. Wao walikuwa mbele siku zote, hawakuwahi kugeuka nyuma kutazama benchi. Kama mimi tu.

Tukapatana. Basi la kwanza ni la kadi ya kliniki, nayo kadi ndiyo inayokushikia kiti. Basi la wanafunzi linafuata nyuma na watu wa mashine na sokoni. Hakuna kutupia, hata leso. Ijumaa jambo hilo likatangazwa msikitini baada ya sala, Jumapili likatangazwa kanisani. Jumamosi Shabani, yule asiye na maneno, alizunguka vijiji kwa pikipiki yake kuwaambia wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani. Nilipomshukuru akasema tu, "Nilikuambia." Nikamwomba radhi, naye akakubali kwa kichwa.

Jumanne ilinyesha mvua kubwa. Nilikuwa Lupiro tangu alfajiri, filimbi shingoni. Basi likasimama. Madirisha yote wazi, na hakuna kitu kilichoruka. Nilimwona Nassoro amevua kofia ameikunja mfukoni, anajaza maji kwenye pipa, anawaelekeza watu kwa ile sauti yake: "Wenye kadi mbele. Mzee, nawa hapa. Pole pole, bibi, basi ni lako." Bibi Yustina akapanda wa kwanza, akakaa siti ya mbele, ile ya jembe.

Tulipoingia Ifakara meneja alikuwa amesimama stendi, mikono nyuma, mwavuli ameshikiwa. Watu wakashuka mmoja mmoja, wananawa, wanaelekea hospitali. Hakuna aliyemgusa mwenzake ila kumshika aliyeteleza. Akina mama wauza chai wakaanza vigelegele, na Shabani akapiga honi ndefu, nadhani kutoka Kibaoni mpaka ng'ambo ya mto walisikia. Lilipoingia basi la pili na watu wa mchele wamekaa kwa adabu kama wako msibani, sikuweza kujizuia, nikacheza pale pale kwenye matope. Mama wa miaka hamsini na kidogo, na cheo chake.

Meneja hakucheza. Aliniambia, "Nimeona linavyofika. Nataka kuona Lupiro." Nilimpenda kwa neno hilo, kwa sababu mimi lilinichukua wiki tatu na aibu kubwa kulijua. Tukaenda naye. Tulikuta benchi tupu, na mbuzi mmoja amelala chini yake anakwepa mvua. Hakuna mtu aliyebaki. Meneja akalizunguka benchi mara mbili, akapitisha mkono juu ya ubao kana kwamba anatafuta vumbi, kisha akaniambia nipige picha.

Nikapiga benchi. Picha hiyo, mwanangu, ndiyo iliyobandikwa ofisini Morogoro, na ndiyo waliyotumiwa wasimamizi wa Mlimba, wa Malinyi, na wa vituo vyote vya bonde, na maelezo ya kadi ya kliniki chini yake. Njia ya Lupiro haikufungwa hata siku moja mwaka ule. Miguu ya Bibi Yustina ilipona, na mpaka leo anapita hapa kwangu kunikumbusha siku nilipoachwa na basi, hasa akiona nina wageni.

Sasa nasaha yangu ni hii, na si ndefu. Ukipewa kazi ya watu, utaletewa sifa na wale waliopata, maana hao ndio wanaokufikia. Usilale kwa sifa hizo. Vua filimbi yako, nenda mpaka kule kazi yako inakoanzia, kaa kwenye benchi, uone nani hajapata. Mdogo wako kazini akikuambia kuna watu wanabaki, simama umsikilize, usimjibu kama nilivyomjibu Shabani. Na ukigundua umekosea, wahi wewe kumwambia mkubwa wako kabla hajaambiwa na mwingine. Niliogopa sana simu ile, lakini hakuna jambo nililolifanya kazini ninalojivunia zaidi ya hilo.

Nenda basi. Mungu akupe macho ya kuwaona wa nyuma, akupe miguu isiyochoka kuwafuata, na siku utakayofika uzeeni ukahitaji kiti, umkute kijana aliyelelewa na mfano wako, asimame akuambie, "Bibi, hiki ni chako."